Walimu wawili darasani: gawaneni kazi kabla ya kengele

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, na mtindo ninaoukwepa kuliko yote ni ule wa mmoja kufundisha mbele huku mwingine akizungukazunguka kwenye madawati. Hauhitaji maandalizi, ndiyo maana umeenea. Lynne Cook na Marilyn Friend, walioandika kuhusu ufundishaji wa pamoja mwaka 1995, waliuorodhesha kama mmojawapo tu kati ya mitindo kadhaa. Kwingi nimeona umekuwa ndio pekee.

Wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 huogopa macho ya wenzao kuliko mtihani. Anayepata shida kusoma, ukimwinamia kila kipindi, atakwambia ameelewa ili uondoke.

Kwa hiyo napenda tugawe darasa nusu kwa nusu, makundi yakiwa mchanganyiko, wote wawili tukifundisha mada ileile. Chukua swali hili: ipi kubwa, 3/4 au 2/3? Mwenzangu wa hisabati anawapitisha kwenye asili ya pamoja, 9/12 na 8/12. Kwangu wanakunja vipande vya karatasi na kuvilinganisha. Kisha tunabadilishana makundi. Wa kwanza kung'ang'ania karatasi mara nyingi ni wale wenye alama za juu! Kelele zipo, sikatai. Mwenye usikivu hafifu mkalishe karibu na mwalimu wake, mbali na kundi la pili.

Kikundi kidogo cha pembeni kina faida pia, hasa kwa aliyekosa kipindi au aliyemaliza mapema. Tatizo huanza sura zinapokuwa zilezile kila wiki. Hapo mmejenga darasa la pili ndani ya la kwanza, na watoto wanalijua jina lake hata msipolitamka.

Andalio la somo liandikeni pamoja: nani anaanza, nani anaangalia nini, nani asomewe maswali kwa sauti, nani aongezewe muda. Lengo la somo libaki lilelile kwa wote, njia ya kulifikia ndiyo ibadilike. Madaftari nayo yachanganyeni wakati wa kusahihisha, la sivyo wanafunzi watawagawa wenyewe kuwa "mwalimu wetu" na "mwalimu wao".

Na kabla hujakubali kupangiwa mwenza, mwombe mkuu wa shule kipindi cha kupanga kilichoandikwa kwenye ratiba. Mazungumzo ya kwenye korido hayatoshi hata kugawana chaki.