Baba ana Parkinson na ameacha mazoezi
Pole sana, dada. Umesema baba, mwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaofanya mwili ukakamae na usogee polepole), alipangiwa mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia, akayaacha baada ya wiki 2 kwa kuwa asubuhi mwili ni mzito. Kwa maoni yangu shida iko kwenye saa. Afanye mazoezi levodopa, dawa ya Parkinson, ikishashika, mara nyingi dakika 30 hadi 60 baada ya kuimeza. Hupendekezwa kufikia dakika 150 kwa wiki, ila yeye aanze na 10 tu kwa siku. Hatua ziwe ndefu, nawe mhesabie kwa sauti. Miguu ikiganda usimvute, tafadhali, ataanguka! Asimame, ahamishie uzito mguu mmoja, kisha avuke mstari uliouchora sakafuni. Akiinuka akapata kizunguzungu, mwambieni daktari kabla ya kuendelea.