Shangazi, nimefunga na kuomba, mbona bado narudi kwake?

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nina mke na watoto wawili. Nimeokoka, na kanisani nafundisha vijana. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikichati usiku na mwanamke niliyekuwa naye kabla ya ndoa. Hatujakutana, ila tunayoandikiana siwezi kumwonyesha mke wangu. Nyumbani mazungumzo yetu yamebaki ya watoto na matumizi. Nimefunga, nimeomba, nimeweka nadhiri. Nafuta kila kitu, nakaa wiki mbili tatu na amani, kisha narudi. Mara ya mwisho nilimtafuta ili tu nimuage vizuri. Namba yake nimeihifadhi kwa jina la fundi bomba. Kila mtu huhubiri kwamba tutegemee nguvu za Mungu. Shangazi, nimezitegemea. Mbona naanguka?*
*Aliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwa huyo fundi bomba. Mtu aliyeiacha namba huifuta. Anayeipa jina la bandia ameiwekea akiba. Asubuhi unamwomba Mungu akuondolee jambo hili, na usiku unalitunza chini ya jina ambalo mkeo akiliona hatashtuka. Kwa hiyo sitakuambia uongeze siku za kufunga.

Kujaribiwa si dhambi, hilo tulimalize mapema. Waraka kwa Waebrania unasema Kristo alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Kumkumbuka mtu uliyempenda hakukufanyi kuwa mpotevu. Ila usijifiche hapo, maana wewe ulishapita kwenye kukumbuka.

Unasema umetegemea nguvu za Mungu. Nionavyo mimi, umetegemea nguvu zako ukamwomba Mungu aziongezee kidogo. Hebu zisikilize hizo nadhiri: sitarudia, nitashinda, safari hii nimeamua. Petro naye aliapa hivyohivyo, kwamba hata wote wakimwacha Bwana yeye hatamwacha. Usiku uleule, pale Gethsemane, akaambiwa akeshe na kuomba kwa kuwa roho i radhi lakini mwili ni dhaifu. Akalala. Kabla jogoo hajawika alikuwa amemkana mara tatu. Na hakurudishwa na kiapo chake. Ukisoma Luka 22 utaona Yesu alikwishamwambia kabla ya hayo yote kwamba amemwombea imani yake isitindike.

Mtu anayeamini kweli kwamba hawezi, huishi kama asiyeweza. Haweki simu kitandani saa tano usiku halafu akategemea sala ya alfajiri imshikilie. Hamtafuti mtu ili amuage. Samahani, mwanangu, lakini hapo nilicheka kidogo: kuaga gani huko kunakoanza na "mambo, umelala?" Vishawishi vya watu wa kanisani mara nyingi huja vimevaa nguo za ibada. Leo unataka kumuaga, kesho utataka kumwombea, keshokutwa kumshuhudia.

Lile neno la 1 Wakorintho 10:13 bila shaka umelifundisha kwa vijana wako. Wengi hulishika lile la kutojaribiwa kupita uwezo wao, wakaliruka linalofuata: kwamba pamoja na jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Sasa wewe umekaa ndani unaomba nguvu za kuendelea kukaa bila kuungua. Hizo hukuahidiwa. Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu tamaa za ujanani hakumwambia apambane nazo. Alimwambia azikimbie.

Nadhani mlango umeuona siku nyingi, ila unaogopa bei yake. Mwangalie Yusufu katika Mwanzo 39. Mke wa Potifa alimsumbua siku baada ya siku, naye akakataa hata kuwa karibu naye. Siku aliposhikwa nguo, aliiacha mikononi mwa yule mama akatoka mbio. Nguo hiyohiyo ikatumika kumshtaki, na aliyefanya jambo la haki akaishia gerezani. Wewe unataka kutoka na vazi lako likiwa safi mwilini: uendelee kusimama mbele ya vijana, mkeo asijue, mchungaji asijue, na dhambi iondoke kimyakimya. Ndiyo maana hairudi nyuma. Inaishi kwenye siri, na siri unaitunza mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, si Jumapili, izuie na kuifuta hiyo namba bila ujumbe wa mwisho. Kama umeikariri kichwani, basi usiku simu ilale sebuleni. Kisha mtafute mchungaji wako umweleze yote, pamoja na lile jina la fundi. Kama unajua mchungaji wako hatunzi siri, na wapo wa namna hiyo, tafuta mwanamume mzima katika imani anayeweza kukuuliza maswali magumu bila kukuonea haya. Yakobo aliandika tuungamiane dhambi na kuombeana, na sijui kwa nini tumebakisha kuombeana peke yake. Muombe mchungaji akupumzishe kufundisha kwa muda. Najua hilo litakuuma kuliko yote.

Saa ile mbaya ikifika, na itafika, sala yako iwe fupi. Petro alipoanza kuzama majini alisema, "Bwana, niokoe," basi. Sema hivyo ukiwa unainuka kitandani, kisha mpigie yule uliyemweleza. Usione aibu kwamba nguvu ya Mungu imekujia kwa sauti ya mzee aliyekatishwa usingizi. Na ukiteleza, mwambie siku hiyohiyo. Zile wiki unazokaa ukijichukia kimya kimya ndizo zinazokurudisha kwa yule anayekupokea bila maswali.

Huyo dada usimgeuze shetani wa hadithi yako. Hukuniambia kama naye ana ndoa, lakini kila ujumbe aliousoma ulikuwa umetumwa na wewe.

Limebaki la mkeo. Mimi nasema aambiwe, ingawa najua wapo washauri watakaonipinga. Mazungumzo yenu yamekauka kwa sababu zenu wawili, lakini hayawezi kufufuka wakati yale matamu yote unayapeleka kwingine. Usimwamshe usiku wa manane ili wewe upate usingizi. Panga na mchungaji wako mahali na wakati, mwambie ukweli wote bila kumsomea kila neno mliloandikiana, na usitaje hata kidogo kwamba yeye alikuwa na shughuli nyingi za watoto. Usimchomolee mistari ya msamaha wiki hiyohiyo. Akilia, kaa naye. Akitaka kuiona simu, mpe, na akiitaka tena mwezi ujao, mpe tena.