Fizi zimerudi nyuma? Pimwa kwanza, tiba ichaguliwe baadaye

Fizi ikisharudi nyuma haioti tena yenyewe. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kampala, kuanzia soko la Owino hadi kwenye stendi za teksi, utauziwa unga, mizizi na mafuta ya karafuu kwa ahadi kwamba nyama itashuka ifunike jino kama zamani. Karafuu hutuliza maumivu kwa muda, sikatai. Nyama haitashuka.

Mimi ni mkazi wa Kibuli, na yaliyonisumbua ni meno mawili ya juu kushoto, chonge na jirani yake. Yakiguswa na maji baridi nilikuwa naruka kitini. Daktari hakukimbilia mashine, alinipa mswaki mkavu na kusema, "Hebu nionyeshe, mzee, asubuhi unafanyaje." Kisha akanieleza kwamba watu wanaotumia mkono wa kulia mara nyingi huumiza zaidi fizi za kushoto, maana ndiko mkono unakopata nguvu ya kusugua.

Kuna sababu mbili kuu za fizi kurudi nyuma, na zisichanganywe. Fizi ikiwa ya waridi, haitoki damu, na imerudi nyuma kwenye jino moja moja, mara nyingi kisa ni mswaki mgumu, mkaa na chumvi, au mtu kazaliwa na fizi nyembamba. Fizi ikiwa nyekundu, inavuja damu, mdomo unanuka na meno yamevaa ugaga, huo ni ugonjwa wa fizi unaokula mfupa taratibu. Sigara huuchochea, na kisukari kisichodhibitiwa pia. Kumfunikia mzizi mtu wa kundi la pili kabla ya kutibu ugonjwa ni kupoteza pesa.

Kwa hiyo omba vipimo. Daktari ana kifimbo chembamba chenye alama za milimita, anakiingiza polepole kati ya fizi na jino. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Kikifika 4 na kuendelea, tena damu inatoka, kuna shida chini. Apime pia ni milimita ngapi za mzizi ziko nje, na aziandike kwenye kadi yako. Bila namba hizo hutajua mwaka ujao kama hali imesimama au inaendelea. Picha ya eksirei nayo itaonyesha mfupa ulio kati ya jino na jino. Mfupa huo ukiwa mzima, mzizi unaweza kufunikwa wote. Ukiwa umeliwa, mara nyingi mzizi haufunikiki wote, na anayekuahidi kwamba lazima utafunikwa wote mwepuke.

Tiba nyepesi kuliko zote ni kukwangua ugaga, juu ya fizi na chini yake, kwa sindano ya ganzi ikibidi. Hapa ndipo watu wetu wanapokimbia. Utasikia, "Nilisafishwa meno, yakalegea." Kilichotokea ni kwamba ugaga ulikuwa umeyashika na fizi ilikuwa imevimba. Ugaga ukitoka na uvimbe ukishuka, jino linaonekana refu, mwanya unajitokeza na baridi inachoma kwa siku kadhaa. Daktari asipokuambia mapema utadhani amekuharibu. Wengi hawaambiwi, na ndiyo maana uvumi huu haufi.

Kwa meno yanayochomwa na baridi kuna dawa za meno zenye potasiamu naitreti au floraidi ya stanasi. Zipe wiki kadhaa kabla ya kuzilaumu. Daktari pia anaweza kupaka vanishi ya floraidi, au kuziba shingo ya jino iliyolika kwa kijazio chenye rangi inayofanana na jino. Kuziba hakurudishi fizi, lakini hakuna kisu wala mshono, na maumivu yangu yaliishia hapo. Ila kama unafikiria kupandikiza nyama juu ya mzizi baadaye, mwambie kabla hajaziba.

Sasa ile njia ya kufunika mzizi inayotangazwa sana mitandaoni, ya tundu dogo. Daktari John Chao wa Marekani aliichapisha mwaka 2012. Hutobolewa tundu la milimita 2 au 3 juu ya fizi, nyama ikalegezwa kwa ndani na kuteremshwa juu ya mzizi, kisha vipande vya kolajeni, yaani protini inayojenga ngozi na nyama, huingizwa kuishikilia. Hakuna kukata kaakaa, na kwa kawaida hakuna nyuzi. Ni nzuri kwa meno kadhaa kwa mpigo, lakini inataka daktari aliyefunzwa njia hiyo hasa. Kupandikiza nyama kutoka kwenye kaakaa kunauma zaidi, ila kumefanyiwa utafiti kwa muda mrefu zaidi, na kwa fizi nyembamba sana bado ndiko ninakokuamini.

Waislamu wenzangu, ulizeni vifaa vinatoka wapi. Kolajeni nyingine ni ya ng'ombe, nyingine ya nguruwe, na jeli ambayo wakati mwingine hupakwa kwenye mzizi ili tishu ijijenge upya hutokana na meno machanga ya nguruwe. Kuna pia ngozi iliyosafishwa kutoka kwa watu waliojitolea. Daktari hatakasirika ukiuliza. Nyama ya kaakaa lako, au utando unaotengenezwa kwa damu yako mwenyewe, haina utata huo.

Kabla ya kulipa, hakikisha daktari amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno la Uganda, na muulize amefanya kazi hiyo kwa watu wangapi. Uliza pia bei ya kurudi kukaguliwa, maana mara nyingi haimo kwenye bei ya kwanza. Ukipandikizwa, sahau muchomo, yaani nyama choma, kwa muda. Ni matoke laini na uji, na sehemu ile haiguswi na mswaki mpaka uruhusiwe.

Kwangu mimi mswaki sasa ni laini. Naulaza kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea ufizi na kuushika kwa vidole kama kalamu, na nikila embe bichi nasubiri nusu saa kabla ya kusugua. Namba za meno ya juu hazijasogea. Kwenye jino moja la mbele chini, fizi ni nyembamba mno na inaendelea kurudi nyuma, na hapo tumekubaliana kupandikiza nyama ya kaakaa baada ya Ramadhani.