Wazungu wa soul ya zamani: anza na Righteous Brothers

Mkuu, umeuliza uanze na nani kwenye hawa wazungu walioimba soul ya zamani, ule muziki wa Wamarekani weusi, mi nakwambia anza na Righteous Brothers, wale wawili Bill Medley na Bobby Hatfield, wimbo wao You've Lost That Lovin' Feelin' ya 1964. Vaa hedfoni kabisa, usitumie spika ya simu, maana Bill Medley anaingia na sauti nzito ya chini mpaka unadhani kaseti inaburuza, halafu Bobby Hatfield anapanda juu na kuelekea mwisho wanapokezana kubembeleza, huyu akiita yule anaitikia, staili ya gospo kabisa yani. Kisha Unchained Melody ya 1965, pale Hatfield anaimba peke yake na ile noti ya juu mwishoni, aisee acha tu!

Baada ya hapo Dusty Springfield wa Uingereza, albamu ya Dusty in Memphis, 1969. Yeye halazimishi sauti, anaimba kama anakwambia siri, mi ndo namkubali kuliko wote. Na Teena Marie usimruke, albamu yake ya kwanza kwenye lebo ya Motown, 1979, kava halikuwa na sura yake na wengi walidhani ni mweusi. Daryl Hall wa kundi la Hall & Oates msikilize kwenye wimbo wa Sara Smile. Ila pembeni weka na weusi wenyewe, Sam Cooke na Aretha Franklin, ulinganishe, masikio yako yataizoea soul haraka zaidi.