Mfereji wa paa kwa nyumba ya Kadutu

SWALI: Bwana mhandisi, ninajenga nyumba Kadutu, urefu mita 12, upana mita 9, mabati yakiteremka pande mbili. Shemeji yangu wa Mombasa ananishauri niweke mifereji ya aluminiamu ya milimita 100 kama yake, kwa kuwa pwani nako mvua ni kali. Fundi anasema ni midogo. Nimsikilize nani? (Mama wa Bukavu)

JIBU: Mama, msikilize fundi. Kinachoamua ukubwa wa mfereji si jumla ya mvua ya mwaka, bali ile mvua ya dakika chache inayopiga mabati hadi watu waliomo ndani wasisikizane. Mimi huihesabu kwa milimita 150 kwa saa, na sioni sababu ya kupunguza, iwe pwani au huku milimani.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Upande mmoja wa paa lako una mita 12 kwa 4.5 zikipimwa kwa usawa wa ardhi, na kwa kuwa upepo huilaza mvua, kwenye hiyo 4.5 huongezwa nusu ya kimo cha paa: kimo kikiwa mita 1.5, unapata mita za mraba 63, yaani lita 2.6 kila sekunde. Mfereji wa nusu duara wa milimita 100 hupitisha takribani lita 0.8 kwa sekunde, wa 125 lita 1.4, wa 150 lita 2.1. Maana yake ni kwamba bomba la kuteremshia maji likiwa moja tu pembeni, hata ule wa 150 utafurika. Weka mabomba mawili, moja kila mwisho, ili kila nusu ibebe lita 1.3, hapo wa 125 unatosha kwa shida, nami ningenunua wa 150, kwa sababu majani ya avoka hayasomi hesabu.

Mteremko wa mfereji wa sentimita 1 kwa kila mita 3 unatosha. Ukingo wa nje uwe chini kidogo ya ule wa ukutani, ili maji yakifurika yasirudi ndani.

Aluminiamu inamfaa shemeji kwa sababu chumvi ya bahari hula chuma upesi. Upepo wa Ziwa Kivu hauleti chumvi hiyo, basi chukua bati la zinki, na fedha itakayobaki ijenge mtaro wa simenti kutoka mdomo wa bomba hadi mfereji wa barabara, kwani kwenye mteremko wa Kadutu maji yakiachwa huru huchimba udongo chini ya msingi wa jirani wa bondeni.