Jogoo Anayekurukia: Usimkimbie, na Usimpige

Juzi usiku dada mmoja msomaji wangu wa Bagamoyo kaniandikia. Jogoo wake kamchana mguu, watoto hawathubutu kwenda chooni peke yao kwa sababu choo kiko uani, na mume kashatoa hukumu: Ijumaa jogoo anaingia chunguni. Ananiuliza afanyeje, maana ndiye jogoo pekee aliyenaye na matetea tisa yanamtegemea.

Dada yangu, nilisoma ujumbe wako mara tatu. Miaka miwili nyuma ningeuandika mimi.

Jogoo wangu, Jemadari, nilimlea kwa mikono yangu. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipita hapa Makorora, Tanga, ukanimalizia kuku karibu wote (chanjo nilikuwa nimeipuuza, na hilo linaniuma hadi leo), akabaki kifaranga mmoja analia uani. Nikamweka kwenye boksi karibu na jiko la mkaa, nikamlisha pumba na machicha ya nazi kiganjani. Nikichambua mchele, yeye yuko mapajani. Ana damu ya kuchi, kuku wa kupigana: miguu mirefu, kifua kipana, shingo imesimama wima. Watu wakipita njia walikuwa wanasimama kumtazama, na mimi moyo unajaa.

Alipofika miezi mitano akaanza kunizunguka huku bawa moja kalishusha linaburuzika mchangani. Nikadhani ananichezea. Hapo ndipo nilipokosea, na wengi wenu mnakosea hapo hapo. Jogoo akikushushia bawa anakupima. Kifaranga aliyelelewa na mtu, bila mama wala wenzake, anakua hajui kuwa wewe si kuku. Akishabalehe anakuona jogoo mwenzake, na mafahali wawili hawakai zizi moja.

Siku ya kwanza aliponirukia nilikuwa nimebeba beseni. Nikalitupa nikakimbilia ndani. Siku ya pili vivyo hivyo. Nilikuwa namfundisha mwenyewe, kila asubuhi, kwamba akiruka mimi natoka mbio. Kisha nikageuza mtindo, nikawa natoka na fagio la chelewa namchapa. Akazidi! Ukimpiga jogoo umekubali pambano, na huyu pambano ndilo alilozaliwa nalo. Ikafika mahali nikivaa dera la manjano, lile nililokuwa nimevaa nikimchapa, anakuja mbio tangu mwisho wa ua.

Halafu ikaja ile Jumapili. Nilikuwa nimeinama naokota mayai, nimempa mgongo. Kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, kikanizama kwenye shavu la mguu. Tundu lenyewe dogo tu, damu kidogo, nikapuuza. Siku ya pili mguu umewaka moto na umevimba. Kidonda cha kipi ni kama cha msumari: juu panafunga upesi, uchafu umebaki ndani. Nikaenda zahanati wakanisafisha, wakanidunga sindano ya pepopunda. Nawe dada, kama hujaenda, funga simu uende sasa.

Lakini kilichoniuma zaidi si kipi. Mamamkwe alikuwepo wiki ile. Akanitazama nachechemea, akasema mbele ya wifi zangu: "Kuku amekushinda, nyumba utaiweza?" Sijamjibu mpaka leo. Ila usiku ule niliapa kwamba jogoo yule hachinjwi, na mimi simkimbii tena.

Aliyenionyesha njia ni mzee mmoja jirani, Mdigo, mfugaji wa siku nyingi. Aliniambia maneno machache: usikimbie, usipige, usimgeuzie mgongo mpaka yeye ageuke kwanza. Nikanunua mabuti ya mvua. Akija, nasimama. Akirusha miguu, inapiga buti, mimi nimesimama. Akitulia, nampigia hatua moja mbele, polepole, mpaka asogee yeye. Ndiyo dawa yenyewe, jama, msitafute nyingine. Simama.

Na usiku, akishalala kichanjani, maana kuku haoni vizuri gizani, nilikuwa namchukua bila fujo, namweka kwapani na mabawa nimeyabana, naendelea na shughuli zangu robo saa nzima. Nikimrudisha, namshusha akiwa ametulia, sio akiwa anapapatika. Sitawachosha na hadithi ya kila siku. Ilichukua kama wiki tatu, na wiki ya pili nilikaribia kukata tamaa.

Kuna mengine niliyoyaona mwenyewe. Usimkamate tetea mbele yake. Yule akipiga yowe, jogoo lazima aje, ndiyo kazi yake. Ukitaka kuchinja au kuchanja, wakamate usiku. Chakula kirushe mbali na miguu yako. Kipi kikichongoka kisugue kwa msasa ncha tu, maana ndani kuna mshipa wa damu, usikikate kwa pupa. Na usijaze majogoo: mmoja kwa matetea kama kumi anatosha, zaidi ya hapo matetea yananyonyoka migongo na majogoo yanashinda yamewaka hasira. Anayetaka mayai ya kula tu hahitaji jogoo kabisa, tetea hutaga bila yeye.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Nimemtuliza Jemadari, lakini mwanangu wa miaka minne haingii bandani bila mimi. Mtoto ana jicho lake karibu na mdomo wa jogoo. Jogoo aliyerukia uso wa mtoto, mimi simtetei, na mumeo akimchinja ana haki. Tena usitotoleshe mayai ya jogoo asiyetulia. Nilitotolesha ya Jemadari kabla sijajua haya, majogoo wawili wakatoka wakali kuliko baba yao, na hao walilelewa na mama. Niliwauza kwa mama lishe, nikamwambia ni wa sufuria. Kumuuzia mfugaji mwenzako jogoo mkali ukanyamaza ni dhambi, hata kama unahitaji hela kiasi gani.

Kwa hiyo dada, mwombe mumeo akupe wiki tatu. Watoto wawe ndani ukifungulia kuku. Usiku wa leo anza na kwapa, kesho asubuhi vaa mabuti.

Idi iliyopita mamamkwe alikuja tena. Akatoka uani kuchota maji, Jemadari yuko katikati ya njia, nami nimesimama mlangoni. Nikapiga hatua moja. Jogoo akapisha. Mama akachota maji yake, akanitazama, hakusema kitu. Wakati wa kuondoka nilimfungashia mayai kumi.