Mimi ni mhasibu, si mtu wa kompyuta: akili mnemba nianzie wapi?

Swali: Natunza hesabu za SACCO hapa Arua, Uganda. Kompyuta naijua ya kuandika barua na kujaza majedwali, basi. Siku hizi kila mkutano ni akili mnemba (AI). Ni lazima nijifunze kuandika programu ndipo niielewe?

Jibu: Hapana, dada, si lazima. Kuandika programu ni kazi ya wanaozitengeneza. Wewe unahitaji kujua majibu yake yanapatikanaje, ili ujue lini uyaamini na lini uyakatae.

Shika kwanza jambo moja: programu hizi hujifunza kwa mifano. Maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere na watafiti wa mazao wa Namulonge walikusanya picha za majani ya mihogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe. Zile zilizotolewa mwaka 2020 kwa mashindano ya kutengeneza programu ya kutambua magonjwa ya mihogo zilikuwa 21,367. Wataalamu wakaziwekea majina: hili lina batobato, hili lina michirizi ya kahawia, hili ni zima. Programu huoneshwa picha na kubahatisha jina. Ikikosea, namba zilizomo ndani yake hurekebishwa kidogo, kisha inaletwa picha nyingine, maelfu kwa maelfu. Mwishoni hupimwa kwa picha ambazo haijawahi kuziona. Hakuna aliyekaa akaiandikia kanuni za kutambua batobato. Lakini ukiipa jani lenye ugonjwa ambao haukuwemo katika mifano, italipa tu jina mojawapo kati ya yale inayoyajua. Hapo pazingatie sana, maana ndipo watu wengi wanapoumia.

ChatGPT, programu ya kujibu maswali iliyotoka Novemba 2022, imefunzwa kwa maandishi, nayo hukisia kipande cha neno kinachofuata. Kwa hiyo inaweza kukosea kwa lugha safi kabisa. Na kwa lugha zenye maandishi machache, kama Kilugbara cha huko kwenu, huyumba zaidi kuliko kwa Kiingereza.

Sasa ijaribu kwa kazi unayoijua. Iulize: mkopo wa shilingi 1,000,000, riba asilimia 2 kwa mwezi, miezi 10, jumla ya riba ni ngapi? Wewe unajua kwamba riba ikikokotolewa kwa mkopo wote kila mwezi ni 200,000, na kwa salio linalopungua, mwanachama akirudisha 100,000 ya mkopo kila mwezi, ni 110,000. Angalia kama itakuuliza unatumia njia ipi au itajichagulia tu. Zoezi hilo, kwa maoni yangu, litakufundisha kuliko semina ya siku nzima.

Jina la mwanachama, namba yake ya simu wala salio lake usiliingize humo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inawahusu na ninyi.

Ukitaka masomo yaliyopangwa, Chuo Kikuu cha Helsinki kilianzisha mwaka 2018 kozi ya bure mtandaoni, Elements of AI. Sehemu yake ya kwanza haihitaji kuandika programu. Sura ya tatu ina hesabu za uwezekano. Usiiruke, wewe na hesabu mmezoeana, chukua kalamu na karatasi uende nayo polepole.